Mwana Asha, Mwanaasha au Mwanasha: tumwandikeje binti yetu?

BARUA

Bibi Mshauri, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako tangu nikiwa sekondari, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuandikia kwa ajili ya herufi moja. Ni herufi moja tu na nafasi isiyofika upana wa kidole, lakini zimeingia kati yangu na mume wangu kiasi kwamba wiki ya tatu sasa tunalala tukipeana migongo, na mtoto wetu wa siku 52 bado hana cheti cha kuzaliwa.

Sisi ni wakazi wa Tanga. Tuna mtoto wa kiume wa miaka sita, na mwaka huu Mwenyezi Mungu ametujalia binti. Tangu mimba ikiwa changa tulikubaliana kwamba akizaliwa wa kike ataitwa Mwana Asha, kwa sababu jina hilo linabeba watu wawili kwa mpigo. Upande wa mume wangu ni jina la bibi yake mzaa baba, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Ukoo wa bibi huyo ulitoka Lamu, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mwana Asha. Hakuna aliyethubutu kumwita Asha kavukavu. Upande wangu, Asha ndilo jina la mama yangu mzazi, aliyefariki miezi mitano kabla mtoto hajazaliwa. Alipokuwa mgonjwa alikuwa akiniwekea mkono tumboni na kusema, "Huyu ni somo yangu." Kwa hiyo jina halikutushinda. Siku ya saba tulifanya akika, shehe akalitaja, watu wakamwombea dua, tukala, tukashukuru. Siku ile hakuna aliyeuliza linaandikwaje.

Mambo yalianzia kliniki. Muuguzi aliniuliza jina la mtoto huku akiwa na foleni ndefu mbele yake, nikamwambia, akaandika upesi kwenye kadi. Kadi hiyo nimeiangalia mchana, na usiku nimeiangalia kwa taa ya simu. Baada ya neno Mwana kuna upenyo mdogo, labda wa punje ya mchele, kisha inafuata asha, na ile a yake ni herufi ndogo. Mume wangu akiitazama anaona maneno mawili. Mimi naona neno moja lililoandikwa na mtu mwenye haraka. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameketi nasi siku hiyo, alisema kwamba sote tumekosea, kwani jina ni Mwanasha, a moja, na ndivyo alivyokuwa akimwita mama mkwe wake kwa miaka thelathini.

Mume wangu anasema Mwana ni heshima, sawa na kusema Bibi au Bwana, na kwamba nikiliunganisha na Asha nitakuwa nimeiua heshima hiyo, libaki jina tu kama majina mengine. Anasema bibi yake hakuwa "Mwanaasha" hata siku moja. Mimi nataka Mwanaasha, neno moja, a mbili, na nina sababu ambayo naomba unisikilize.

Jina langu nitalificha, ila ni miongoni mwa majina yanayoanza na Mwana. Katika cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa kama neno moja. Katika cheti cha kidato cha nne limekatwa vipande viwili, kipande cha pili kikakaa mahali pa jina la baba, jina la baba likasukumwa mwisho, na jina la babu likapotea kabisa. Sikulijua hilo hadi nilipoanza kuomba kazi. Faili langu lilirudishwa mara mbili. Nilikwenda kwa wakili nikaapa kwamba mtu aliyeandikwa katika karatasi hii na mtu aliyeandikwa katika ile ni mtu mmoja, ambaye ni mimi. Wakati nikihangaika na kiapo hicho, usaili mmoja ulinipita. Nakumbuka nimesimama mbele ya dirisha, karani akisoma vyeti vyangu kwa sauti kama majina ya watu wawili, akaniuliza, "Sasa wewe ni yupi?" Sikuwa na la kumjibu, nikalia palepale. Sitaki binti yangu aulizwe swali lile.

Ile Mwanasha ya mama mkwe nayo siiwezi. Nikiitamka, mama yangu simsikii. A yake ya kwanza imemezwa, na ninahisi kama yeye mwenyewe amemezwa. Najua ni maneno ya mtu mwenye msiba, lakini ndivyo ninavyohisi.

Wifi yangu aliyeolewa Bujumbura ametushauri kwa simu tuweke kistari, Mwana-Asha, kwamba huko kwao ni kawaida na kila mtu ataridhika. Mume wangu hakukataa wala hakukubali. Mimi ninaogopa kistari, sijui hata kinasomwaje na kompyuta. Siku zinakwenda, na sitaki kwenda kuandikisha peke yangu kwa siri, ingawa nakiri kwamba wazo hilo limenijia.

Naomba unishauri, Bibi. Tumwandikeje?

Mama wa Binti, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, pole kwa kuondokewa na mama, na hongera kwa kujifungua salama. Mambo hayo mawili yamekufika ndani ya miezi michache, na sishangai kwamba kadi ya kliniki imekuwa nzito mkononi mwako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ninavyoielewa, jina lenyewe mmelikubali wote, na hata masikioni mnakaribiana sana. Kinacholeta mtengano ni kulishusha kwenye karatasi, kwa kuwa kila mmoja wenu anamwona mtu wake akipungua pale mwingine anaposhika kalamu. Mumeo anamwona bibi yake akivuliwa heshima maneno yakiunganishwa. Wewe unamwona mama yako akisukumwa mahali pasipo pake maneno yakitengana, na ukiondoa a moja unamwona akitoweka. Mama mkwe naye, ambaye nadhani mmempita haraka, anasikia sauti yake mwenyewe ya miaka thelathini ikiambiwa kwamba ilikuwa ikikosea. Kumbe mnaomboleza watu wawili kwa jina moja, na hilo peke yake lingetosha kuwafanya mlale mkipeana migongo.

Mumeo hajajitungia. Pwani yetu, na hasa Lamu na visiwa jirani, Mwana lilikuwa neno la kumtukuzia mwanamke mwenye hadhi, kama Mwinyi lilivyokuwa kwa mwanamume. Mwana Kupona binti Mshamu, yule mshairi aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, alikuwa na neno hilo mbele ya jina lake, na binti mwenyewe akiitwa Mwana Hashima. Lakini tazama jambo hili: ukifungua vitabu vinavyomtaja mshairi huyo, vingine vinaandika Mwana Kupona, vingine Mwanakupona, na wote walioandika hivyo ni watu waliomheshimu na kuijua kazi yake. Zama zake Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa wala kistari, kwa hiyo swali mnalogombania leo lisingemjia kwa sura hii.

Na kwa kuwa nimezitaja herufi hizo, niongeze jambo dogo ambalo huenda likakufariji. Asha ni Aisha, na Aisha kwa Kiarabu huanza na herufi ain. Mtu aliyekuwa akiandika jina hilo kwa mtindo wa Kiarabu alikuwa na ain imesimama wazi mwanzoni mwa Asha, hata neno lililotangulia liwe karibu kiasi gani, wala pasingekuwa na hatari ya a mbili kugongana na moja kuimeza nyingine. Herufi za Kirumi hazina ain. Tulipozipokea tulipata kalamu nyepesi, ila kizingiti kile kikaondoka, na nyinyi sasa mnatafuta cha kuweka mahali pake: mumeo anataka nafasi, wewe unataka a ya pili, wifi yako anataka kistari.

Nawe pia una mashiko. Mwanaidi, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanakombo: haya yote yameandikwa kwa neno moja vizazi na vizazi, na sijasikia mtu akisema kwamba akina Mwanaidi wamekosewa adabu. Hata Kiswahili sanifu huunganisha mwana na neno linalofuata linapojenga nomino, tukapata mwanafunzi, mwanasheria na mwanaanga, huyu wa mwisho akiwa na a zake mbili kama unavyotaka wewe. Mumeo anaweza kukujibu kwamba hao ni nomino za kawaida, ilhali cheo hukaa mbali na jina, kwa kuwa tunaandika Bwana Ali na hatuandiki Bwanaali. Naye hatakuwa amekosea. Lugha inawapa nyote wawili ushahidi, ndiyo maana sidhani kwamba kamusi itawaamulia.

Lakini sikio linaweza kuwasaidia. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka Mwanaasha polepole: mwa-na-a-sha. Mkazo umeangukia wapi? Umeangukia ile a ya mwanzo ya Asha, yaani mama yako ndiye anayesikika zaidi katika jina lote. Sasa tamka Mwana Asha, maneno mawili, utasikia mikazo miwili, mmoja kwa bibi na mmoja kwa mama. Katika Mwanasha mkazo unakaa juu ya na, silabi ambamo mwisho wa Mwana na mwanzo wa Asha vimekuwa sauti moja. Sikwambii haya ili upime nani ameshinda. Nakwambia kwa sababu umeandika kwamba ukitamka Mwanasha humsikii mama yako, nami naamini sikio lako lilisikia kweli, halikudanganywa na msiba peke yake.

Hata hivyo, usimhukumu mama mkwe. Watu wanaotumia Kiswahili kutwa hukutanisha vokali bila kukusudia, na hata maandishi yamewafuata: utakuta mwanaadamu na utakuta mwanadamu, wote ni yuleyule. Mama huyo alimwita mama mkwe wake kwa jina lililolainishwa na matumizi ya kila siku, jina la kuitana jikoni na uani, na huenda kwake hiyo a iliyoyeyuka ndiyo alama ya mapenzi. Je, umewahi kumwomba akusimulie huyo Mwanasha wake alikuwa mtu wa namna gani? Nauliza kwa sababu katika barua yako nimemwona bibi huyo kwa macho ya mjukuu wake tu.

Sasa niingie katika sababu yako kubwa, ile ya dirishani. Niliposoma swali la yule karani moyo uliniuma, na ninaelewa kwa nini umeapa kwamba halitamfika binti yako. Lakini turudi pamoja katika maelezo yako mwenyewe. Umesema kwamba katika cheti cha kuzaliwa jina lako liliandikwa kama neno moja. Lilikuwa neno moja tangu siku ya kwanza, na bado mtu mwingine, miaka mingi baadaye, alilikata vipande viwili. Hapo ndipo ninapokuuliza kwa upole: je, ni kweli kwamba neno moja litamkinga mtoto? Jina lako lilipokatwa, hakuna aliyelisoma mbele yako na kukuuliza kama ndivyo lilivyo. Huenda kilichokuumiza hakikuwa ile nafasi iliyoingizwa katikati ya jina lako. Huenda ni kwamba karatasi mbili hazikufanana, na hapakuwa na mtu aliyezilinganisha mapema.

Sisemi kwamba neno moja na maneno mawili yana hatari sawa. Hayana, na lazima mumeo ayajue haya kabla hajashikilia lake. Fomu zetu nyingi, ikiwemo ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, zina sehemu tatu: jina la kwanza, jina la kati na jina la mwisho, na desturi yetu imejaza jina la mtu, la baba na la babu. Tuseme baba ni Salim na babu ni Omari. Mtoto akiitwa Mwana Asha Salim Omari, hayo ni maneno manne yanayotafuta viti vitatu. Karani aliyechoka ataweka Mwana kiti cha kwanza, Asha kiti cha kati, Salim mwisho, na Omari atabaki amesimama nje. Asha, jina la mwanamke, litakuwa limekaa mahali ambapo watu wote hutarajia jina la baba. Hivyo ndivyo ilivyokutokea wewe, na linaweza kumtokea yeye bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kuna jingine ambalo mumeo huenda hajaliwazia. Maneno yakitengana, shuleni mtoto ataitwa kwa neno la kwanza. Mwalimu ataita "Mwana", na darasa litacheka au halitacheka, kwa kuwa kwa watoto wa leo mwana ni mtoto, na kwa vijana wa mjini "mwana" ni namna ya kumwita rafiki kijiweni. Heshima ambayo mumeo anataka kuilinda ilikaa katika mdomo wa mtaa ulioijua. Ukilitenga neno hilo na Asha na kulipeleka mahali wasikolijua, linaweza kufika bila heshima yake. Wenye majina kama Abdulrahman wanalijua hili. Jina likishaandikwa Abdul Rahman, baada ya muda mfupi mtu anaitwa Abdul, yaani "mja wa", na haisemwi ni mja wa nani. Upande mwingine, kuna kina dada wengi wanaoitwa Mwana tu na wanalipenda jina lao, kwa hiyo hili nalo lipimeni kwa jinsi mnavyoujua mtaa wenu na shule zenu.

Kistari cha wifi yako si wazo la ovyo. Bujumbura, Kigali na Bukavu watu wamezoea akina Jean-Pierre na Marie-Claire, mtindo ulioingia pamoja na Kifaransa, na makarani wa huko wanajua kwamba kistari kinafunga majina mawili yawe jina moja la kwanza. Kwetu macho hayajazoea. Mmoja atakiandika, wa pili atakiruka, na baadhi ya mifumo ya kompyuta inakikataa kabisa. Ukitaka mfano wa karibu, azima pasipoti ya mtu yeyote na utazame chini ya ukurasa wenye picha. Kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, na mashine hiyo inatambua herufi A hadi Z, tarakimu, na alama moja iliyochongoka kama mdomo wa ndege. Penye nafasi huwekwa alama hiyo, na penye kistari huwekwa alama hiyohiyo. Maana yake, mbele ya mashine Mwana-Asha na Mwana Asha ni kitu kimoja, na kistari kitakuwa kimewapatanisha nyinyi nyumbani bila kumsaidia mtoto uwanja wa ndege. Mwanaasha peke yake ndiyo inayopita kama ilivyo. Lakini kupatana nyumbani si jambo dogo, na ikiwa kistari ndicho mnachoweza kukubaliana bila mmoja kunyongeka, basi uzito wake muupime na huo pia.

Ipo njia nyingine ambayo hamkuitaja, na ninaileta mezani tu, sikusukumi kwayo. Mwambie mumeo atafute karatasi yoyote yenye jina la bibi yake: kadi ya zamani, hati ya shamba, jina lililoandikwa ndani ya jalada la msahafu. Wazee wetu wengi walioitwa Mwana fulani na majirani, serikalini waliandikwa jina tupu, Asha binti fulani, kwa sababu cheo hicho kilikuwa cha kutamkwa na watu wala hakikuwa cha kujiandikia mwenyewe. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa bibi, mnaweza kuwaza kumwandika mtoto Asha, halafu ninyi, na ndugu, na mtaa, mumwite Mwana Asha kama yule wa kwanza alivyoitwa. Jina la mama yako litabaki zima kwenye kila cheti, na heshima ya bibi itatoka vinywani mwa watu, ilikokuwa. Kasoro yake mumeo ataiona mara moja: karatasini bibi yake hatakuwepo, na baada ya miaka sitini, sote tukiwa tumeondoka, hakuna atakayejua kwamba mtoto huyu alipewa jina la watu wawili. Inawezekana hilo likamuumiza zaidi kuliko kuunganishwa kwa maneno. Na inawezekana karatasi ikapatikana, na ikawa imeandikwa jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelitarajia.

Kuhusu muda, usiruhusu hofu ikusukume. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, kwa hiyo mna siku 38 mbele yenu. Mkichelewa, usajili bado upo, ila taratibu zinaongezeka pamoja na gharama. Jina likishaingia kwenye daftari, kulibadili kunawezekana kwa hati ya kubadili jina inayosajiliwa kisheria, lakini wewe unajua kuliko mimi inavyochosha kufuata karatasi moja baada ya nyingine. Hiyo kadi ya kliniki, kwa upande wake, isikunyime usingizi. Muuguzi aliandika alichosikia. Upenyo wa punje ya mchele hauna mamlaka juu yenu. Mkishakubaliana, nendeni nayo, ombeni jina liandikwe upya kwa herufi zinazosomeka.

Umekiri kwamba wazo la kwenda kuandikisha peke yako limekujia, na nakushukuru kwa kutonificha. Naliona limetoka wapi. Ni wazo la mtu aliyewahi kuachwa peke yake dirishani. Lakini fikiria binti yako akiwa na miaka kumi na miwili, akiuliza kwa nini baba hutamka jina lake kwa namna moja na cheti kikasema namna nyingine. Utamwambia nini? Na mumeo, kila atakapojaza fomu ya mtoto huyu, atakuwa anaandika kwa mkono wake jina ambalo hakushirikishwa. Ninahofia kwamba ungekuwa umeikimbia kero moja ukaingia katika nyingine iliyo ndani ya nyumba, isiyo na wakili wa kuiondoa.

Jambo ambalo ningependa ulijaribu kwanza ni kumsimulia mumeo habari ya dirishani kwa ukamilifu, hadi pale ulipolia. Sijui kama anaijua yote. Umenieleza mimi kwa aya nzima, lakini katika mabishano yenu nimesikia tu kwamba wewe "unataka neno moja". Huenda kwake hayo yamesikika kama ukaidi, au kama kumdharau bibi yake. Nawe mwombe akuambie siku moja tu aliyoishi na bibi huyo. Muulize aliitwaje yeye na bibi, na yeye alimwitaje. Mtoto wa miaka minne hakuwa akisema Mwana Asha kwa maneno mawili yenye herufi kubwa. Pengine alisema tu "Bibi".

Kisha, jioni moja mtoto akiwa amelala, chukueni karatasi safi. Kila mmoja aandike kwa mkono wake namna zote nne, kwanza kwa herufi za kawaida, halafu kwa herufi kubwa tupu kama fomu zinavyotaka, pamoja na jina la baba na la babu: MWANA ASHA, MWANAASHA, MWANA-ASHA, MWANASHA. Mwiteni mwanenu wa miaka sita, au mtoto wa jirani aliye darasa la nne, asiyejua ugomvi wenu, mumwombe asome. Sikilizeni anavyotamka, anaposita, na kama jina la mama na la bibi vyote vinasikika. Mama mkwe akiwepo itakuwa bora zaidi, maana naye ana sehemu yake katika jina hili, na mtu aliyeulizwa mapema huwa mwepesi kukubali hata kile ambacho hakukichagua. Hamtalazimika kuamua jioni hiyohiyo.

Namna yoyote mtakayokubaliana, iandikeni katika kikaratasi na kukiweka pamoja na kadi ya kliniki, ili kila fomu itakayokuja, ya chekechea, ya bima, ya darasa la kwanza, ijazwe kwa kukitazama hicho na si kwa kukumbuka. Nisalimie huyo binti, na umwambie mumeo kwamba nimemwombea bibi yake rehema pamoja na mama yako. Na siku mtakapokwenda kuchukua cheti nendeni wote wawili, mkisome hapohapo dirishani herufi moja moja, kabla hamjaondoka.